Dago la Karafuu na Maradhi ya Ukimwi

Msimu wa mchumo u karibu. Wanachama wameanza kufyeka chini ya mikarafuu na kutafuta majamvi ya kuanikia. Pamoja na kazi hizo twapenda kuwakumbusha jambo lisilopimwa kwa mizani, nalo ni namna tunavyokaa na wachumaji wetu madagoni.

Katika mchumo mmoja uliopita, kijana mchumaji alionekana akimeza kidonge kila usiku. Mwenzake akapekua mkoba wake, na asubuhi dago zima likajua kuwa ni dawa za virusi vya Ukimwi. Hakuna aliyemtukana. Walakini alitengewa sahani na kikombe, na jamvi lake likasogezwa mlangoni. Siku ya tatu aliacha dawa, na kabla wiki haijaisha akaondoka bila ya kudai ujira wake. Haya tumeyapata kwa mwenye shamba mwenyewe, mwanachama wetu, aliyetuomba tuyaandike kwani asema aliona yote akanyamaza.

Basi, watu wale waliogopa nini? Virusi hivi havipiti kwa sahani, wala kwa kupeana mkono, wala kwa mbu, wala kwa kulala jamvi moja. Hupita kwa kujamiiana bila ya kinga, kwa damu, kama vile kuchangia sindano au wembe, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto katika mimba, uzazi au kunyonyesha. Dawa zikimezwa kila siku hata virusi visionekane katika kipimo, mtu huyo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mama naye akitumia dawa vyema, mtoto aweza kuzaliwa salama na kukua salama. Lakini dawa zikiachwa, virusi huongezeka tena. Kwa hiyo kijana yule alikuwa akijilinda yeye na mkewe, na hatari tulimletea sisi.

Maradhi haya yalionekana Zanzibar kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Hata leo wenye virusi visiwani ni chini ya mtu 1 katika kila watu 100. Uchache huo ni neema, lakini una taabu yake: kila mmoja hujiona yu peke yake, naye huficha. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, walakini yatupasa tujiulize ni nani aliyemfanya afiche.

Twawaomba wanachama mambo manne.

Kwanza, mchumaji mwenye siku yake ya kliniki apewe ruhusa bila ya kuulizwa maradhi yake na bila ya kukatwa ujira. Mwenye kutumia dawa naye aieleze kliniki mapema kuwa anakwenda dagoni, ili apewe za kumtosha.

Pili, asilazimishwe mtu kupimwa ili apate kazi. Kupima ni hiari na majibu ni siri. Ni tone la damu ya kidoleni, na majibu hutoka siku hiyo hiyo. Aliyeambukizwa karibuni huenda asionekane, kwa hiyo arudie kupima kama atakavyoelezwa.

Tatu, vijana waambiwe wazi. Mchumo huleta fedha na huwaweka watu mbali na nyumba zao. Uaminifu ni kinga, na mpira ni kinga. Na aliyepatwa na hatari, au aliyeingiliwa kwa nguvu, akimbilie hospitali mara moja, kwani iko dawa ya kuzuia maambukizo ikianzwa kabla ya saa 72.

Nne, mwenye shamba asinyamaze. Akiona sahani imetengwa, akae ale katika sahani hiyo pamoja na mwenyewe. Neno refu halihitajiki.

Mwanachama wetu yule amemtafuta kijana, amempa ujira wake wote, na amemwomba radhi. Kijana amerudi kliniki. Mwaka huu ameitwa tena dagoni, naye amesema atakuja.