Neno Kufuru Lilitoka Wapi?

Watoto, katika mafundisho ya dini mwasikia ya kuwa kukufuru ni dhambi kubwa. Lakini neno lenyewe lilitoka wapi, na maana yake ni nini? Tulitazame vema.

Neno hili ni la Kiarabu, na mzizi wake maana yake ni kufunika. Mkulima afunikaye mbegu kwa udongo, Waarabu wa kale walimwita kwa neno la mzizi huo. Tena mtu aliyetendewa wema, akaufunika asiukiri, huyo naye walisema amekufuru. Kwa hiyo kukufuru ni kinyume cha kushukuru. Anayeshukuru huufunua wema wa Mungu mbele ya watu. Anayekufuru huufunika, hata akamtukana Mungu mwenyewe.

Neno lilifikaje kwetu Ituri? Kule pwani Waswahili walikaa na Waarabu miaka mingi, wakachukua maneno yao. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Unguja na pwani, kama Tippu Tip, waliingia Kongo kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Lugha yao ikabaki, ikaitwa Kingwana. Wamisionari wakaitumia kufundisha dini. Hivyo neno la Waislamu likawa neno la Wakristu pia.

Basi, nani anayekufuru? Ni mtu anayemtukana Mungu, kwa moyo au kwa kinywa. Lakini siye peke yake. Katekismu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha ya kuwa mtu akitumia jina la Mungu ili afunike uovu wake, akitesa watu, akiwatia utumwani au kuwaua, huyo naye amekufuru. Mwaona, tumerudi kwenye mzizi: kufunika!

Biblia yatuonyesha jambo hili. Mfalme Akabu alitamani shamba la mizabibu la Naboti, naye Naboti akakataa kutoa urithi wa baba zake. Malkia Yezabeli akafanya shauri, wakaletwa mashahidi wawili wa uongo, wakasema Naboti amemtukana Mungu na mfalme. Watu wakampiga kwa mawe, akafa, na Akabu akalitwaa shamba. Je, aliyekufuru ni Naboti, au ni wale waliofunika wizi kwa jina la Mungu? Hata Bwana wetu Yesu Kristu, asiye na dhambi, alishtakiwa mbele ya Kayafa kwa neno hilohilo.

Hapa Ituri twajua ya kuwa ugomvi wa shamba waweza kuleta damu. Katika vita vya mwaka 1999 hadi 2003 maelfu ya watu waliuawa. Anayesema Mungu yu upande wa kabila lake, kisha akamwua jirani, amefunika damu kwa Jina takatifu.

Kwa hiyo, mtoto, linda kinywa chako. Usiape kwa Mungu sokoni ili samaki waliooza wapate mnunuzi. Wala usiwe mwepesi kumwita jirani kafiri. Neno hilo ni jiwe zito, nalo limewaua wasio na hatia.

Maswali
1. Mzizi wa neno kufuru maana yake ni nini?
2. Kwa nini kukufuru ni kinyume cha kushukuru?
3. Yezabeli alifunika uovu gani?