Manowari Huanzia Nchi Kavu



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za mishahara, likizo na usalama kazini. Safari hii tunazungumza habari za manowari. Huenda wengine watauliza: sisi watu wa Bugembe, tulio kati ya mji wa Jinja na mashamba ya miwa ya Kakira, manowari zatuhusu nini? Zatuhusu sana. Ziwa lililo mlangoni mwetu lilikuwa uwanja wa vita tangu mwaka 1914, na nguvu ya majini iliyohitajika upesi ilijengwa kwa mikono ya wafanyakazi. Vitabu vingi hutaja makamanda. Sisi tunataka kuwataja mafundi wa karakana, makuli wa reli na wapagazi, kwa sababu bila wao hakuna hata mzinga mmoja ambao ungefika majini.

MELI ILIYOPANDA MLIMA

Maziwa yetu yako mbali na bahari, na yako juu. Meli kubwa haiwezi kuja hapa ikielea. Hapana budi itengenezwe ng'ambo, ifunguliwe vipande vipande, isafirishwe, kisha iungwe upya ufukoni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa William Mackinnon, meli ya mvuke ya tani 110 iliyotengenezwa Scotland. Vipande vyake vilifika Mombasa katikati ya miaka ya 1890, wakati reli bado haijafika bara. Wapagazi walianza kuvibeba, na vingine vilipotea njiani. Meli ile ilishushwa majini Kisumu, mahali palipoitwa Port Florence, mwaka 1900.

Hebu tupige hesabu kama tunavyofanya dukani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha ratli 60. Tani moja ya Kiingereza ni ratli 2,240, yaani mizigo 37 na zaidi. Kwa hiyo tani 110 ni mizigo zaidi ya 4,000. Na bamba la chuma halikubali kukatwa ili limfae mbebaji. Pengine watu wengi hulazimika kulibeba pamoja, wakipita matope na vichaka. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bwana aliyeagiza meli ofisini aliona karatasi tu. Uzito waliujua waliobeba.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Desemba 1901. Wafanyakazi wa Kihindi zaidi ya 2,400 walikufa katika kazi ile. Baada ya hapo mambo yakabadilika. Meli za Winifred, Sybil, Clement Hill na Nyanza zilifuata, na kabla tu ya vita ikaja Usoga, iliyobeba jina la nchi yetu hii. Kisumu pakawa na karakana na chelezo, yaani mahali pa kuinulia na kutengenezea meli. Huku kwetu reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilifunguliwa mwaka 1912 ili kubeba pamba.

Reli na meli hizo zote zilikuwa za biashara. Lakini gati likishajengwa haliulizi kama kinachopakiwa ni pamba au baruti.

VITA VINAINGIA ZIWANI

Agosti 1914 vita vilipoanza, Waingereza hawakuwa na manowari hata moja katika Ziwa Victoria. Wajerumani nao walikuwa na Muansa, meli ndogo ya kuvutia vyombo, wakaifunga mzinga. Septemba 1914 Winifred ilikwenda Karungu, ikakutana na Muansa, ikalazimika kugeuza kwa sababu ya mzinga ule. Mwezi Novemba Sybil iligonga mwamba karibu na Majita, ikakaa pale hadi ilipookolewa mwezi Mei 1915.

Hata hivyo Waingereza walilitawala ziwa. Meli zao za abiria na mizigo zilifungwa mizinga. Juni 1915 zilibeba askari kutoka Kisumu hadi Bukoba, wakaushambulia mji, na Julai 1916 waliiteka Mwanza.

Tofauti ilikuwa wapi? Mjerumani wa Mwanza hakuwa na reli. Reli ya Mwanza ilifika mwaka 1928, miaka mingi baada ya Mjerumani kuondoka. Hakuwa na njia ya kuleta mabamba, boila wala mitambo mipya. Mwingereza wa Kisumu alikuwa na reli ya miaka 13, chelezo, na mafundi waliokwisha kuzijua meli zile ribiti kwa ribiti. Kuifunga mizinga meli iliyopo ni kazi ya muda mfupi. Kuwa na reli, chelezo na mafundi ni kazi ya miaka, na hiyo ndiyo iliyoamua mambo.

KIGOMA NA KALEMIE

Katika Ziwa Tanganyika mambo yaligeuka. Huko Mjerumani ndiye aliyekuwa na reli, iliyofika Kigoma kutoka Dar es Salaam mwezi Februari 1914. Kwa hiyo aliweza kuleta meli kubwa, Graf von Götzen, iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kufungwa katika makasha 5,000. Mafundi watatu tu walitoka katika kiwanda kile cha meli, mkubwa wao akiwa Anton Rüter. Watatu hawaungi meli yenye urefu wa zaidi ya mita 70. Wafanyakazi wa Kiafrika na wa Kihindi walipokea makasha, wakainua mabamba na kugonga ribiti moja baada ya nyingine. Meli ilishushwa majini Februari 1915, ikaanza kazi mwezi Juni.

Mwingereza naye, kwa kuwa hakuwa na reli inayofika ziwa lile, ilimbidi alete vitu vidogo. Boti mbili za injini, Mimi na Toutou, zenye urefu wa futi 40 kila moja, ziliondoka Uingereza Juni 1915. Zilitoka Cape Town kwa treni hadi Fungurume katika Kongo. Kutoka hapo reli ikaisha. Ndipo wenyeji walipoitwa kukata miti, kusawazisha njia na kujenga madaraja zaidi ya 100 katika milima ya Mitumba. Boti zilivutwa kwa mitambo ya mvuke na kwa maksai. Mitambo ilipokosa maji, watu waliyatafuta na kuyaleta.

Baada ya hapo zikapanda treni tena, zikateremka mto Lualaba, zikapanda treni kwa mara nyingine, zikafika ziwani mwezi Oktoba. Na hapo, ndugu, ikaonekana shida ambayo kila fundi angeitabiri: hapakuwa na bandari. Ilibidi mawe yavunjwe na ukuta wa kuzuia mawimbi ujengwe karibu na mahali tunapopaita Kalemie leo. Boti ziliingia majini siku chache kabla ya Krismasi 1915. Tarehe 26 Desemba ziliiteka meli ya Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Lakini Götzen yenyewe haikuguswa na boti zile. Kamanda Spicer-Simson alipoiona aliamua kutoishambulia.

Wajerumani walipokimbia Kigoma Julai 1916 waliizamisha Götzen wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo girisi nene ili maji yasiile. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ikabeba abiria na mizigo kwa miaka mingi, hata baada ya uhuru wa Tanganyika. Kila kilichojengwa kwa haraka ya vita kilikuwa kimepita. Kilichobaki ni kazi ya fundi aliyefunga ribiti sawasawa, na ya mwenzake aliyepaka girisi bila kulipua kazi.

PENGO LILIZIBWA NA NINI?

Sasa tunafika kwenye kiini cha maneno yetu. Ziwani meli ziliendelea, lakini mbali na ziwa na reli jeshi lilitembea kwa miguu. Mahali ambapo hapakuwa na njia, wala gari, wala gati, pengo lile lilizibwa na miili ya watu.

Mpagazi hula kiasi cha ratli 2 za chakula kwa siku. Akibeba ratli 60 za unga, kwenda siku 15 na kurudi siku 15, mzigo wote umekwisha tumboni mwake, na askari hajapata hata kijiko. Kwa hiyo waliitwa wapagazi wa kuwabebea wapagazi chakula, na wengine tena nyuma yao. Ndiyo sababu mamia ya maelfu ya watu walikusanywa Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko. Mwaka 1915 Kenya ilipitishwa sheria ya kuwachukua watu kwa lazima. Mwaka 1916 Uganda ilitoa maelfu ya wapagazi kwa ajili ya jeshi la Wabelgiji, wakajulikana kwa jina la Carbel.

Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na uchovu. Watu wa upande wetu waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi, tena usiopikwa ukaiva, na matumbo hayakustahimili. Rekodi za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wanahistoria wengine huamini kuwa idadi ilikaribia 100,000. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yanatokana na kikosi kile cha wachukuzi.

Na mishahara yao je? Majina ya wengi yaliandikwa vibaya au hayakuandikwa kabisa. Mtu aliandikwa kwa jina la chifu wake au la kijiji, akafa mbali, na mjane wake hakuwa na karatasi ya kudai. Fedha za maelfu ya marehemu hazikuwafikia warithi. Kila bunduki ilikuwa na namba yake katika daftari. Mbebaji wa baruti hakuwekewa hesabu kama ile.

FUNZO KWETU

Hatusemi kwamba nchi isijenge kwa haraka. Kuna nyakati ambapo hatari iko mlangoni na hakuna nafasi ya kungoja. Tunasema kwamba haraka ina gharama yake, na isipolipwa kwa mipango italipwa na mfanyakazi kwa mgongo wake.

La kwanza, kazi ina mpangilio. Njia kwanza, kisha gati, kisha karakana, kisha meli. Anayeanza na meli atasimama ufukoni akiwa na boti isiyo na bandari.

La pili, ufundi haununuliwi siku ya hatari. Kijana anayefundishwa leo kuunga chuma, kutengeneza boila au kusoma ramani ya mtambo ni akiba ya taifa. Tunapodai mafunzo kazini tunaidai akiba hiyo.

La tatu, jina la mfanyakazi liandikwe. Oktoba 2024 serikali ya Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Malaba hadi Kampala, nayo imepangwa kupita upande wetu huu wa mashariki. Tunaikaribisha kazi. Lakini kila mwenzetu atakayeajiriwa humo, hata kwa kibarua cha wiki moja, asikubali kushika sururu kabla jina lake halijaandikwa sawasawa, pamoja na jina la mrithi wake, kiwango cha mshahara na fidia akiumia. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake. Mwakilishi wa tawi awe na nakala.

Wapagazi wa 1916 hawakuwa na chama, wala mtu wa kuwauliza wakubwa: huyu ni nani, analipwa nini, atarudi lini? Sisi tunacho chama. Basi tuulize maswali hayo mapema, siku ya kwanza ya kazi, wakati kalamu bado iko juu ya daftari.