"Mzigo Wako Umefika, Tuma ya Boda": Jinsi ya Kutambua Utapeli wa Vifurushi Meru na Embu

Ukiishi Meru au Embu, vitu vingi unavyoagiza Nairobi hufika kwa matatu. Nguo za Gikomba, simu ya Luthuli Avenue, vipuri vya Kirinyaga Road: muuzaji anapeleka mzigo steji, analipia, anapewa risiti, halafu unapigiwa simu uende kuuchukua. Ni njia ya haraka na ya bei nafuu, ndiyo maana wafanyabiashara wengi kutoka Runyenjes hadi Maua wanaitegemea.

Shida ni kwamba anayekupigia mara nyingi ni mtu usiyemjua, tena kwa namba usiyoijua. Ukiambiwa usipokee simu za watu usiowajua, mizigo yako itabaki steji. Matapeli wanalijua hilo vizuri. Kwa hivyo leo tunaeleza utapeli huu unavyofanya kazi, na kanuni moja ya kukulinda: shika mzigo kwanza, pesa baadaye.

## Simu yenyewe huwa hivi

"Habari, napiga kutoka steji ya Embu. Kuna mzigo wako hapa umetoka Nairobi. Tunakaribia kufunga, lakini kuna mtu wa boda anakuja upande wako. Tuma 250 kwa hii namba, uweke na ya kutoa."

Hakuna kitu cha ajabu hapo, sivyo? Hebu tuifungue maneno yake.

"250." Kiasi ni kidogo makusudi. Mtu hafikirii sana akitoa mia mbili hamsini, hasa kama mzigo anaosubiri ni wa elfu tatu.

"Tunakaribia kufunga." Anakuharakisha ili usipate nafasi ya kumpigia aliyekutumia mzigo.

"Kuna mtu wa boda." Usipoenda steji, hutagundua kwamba hakuna mzigo.

"Uweke na ya kutoa." Sote tunasema hivyo kila siku, kwa hivyo peke yake si dalili ya wizi. Lakini kumbuka: anayelipwa kwa Till au Paybill hana haja ya kukuomba ya kutoa. Anayeiomba anapokea kwa laini yake binafsi, na akiwa tapeli, anataka kuzitoa pesa haraka kabla hujashtuka.

Ukituma hizo 250, mara nyingi haiishii hapo. Simu ya pili inakuja: mzigo umekuwa mzito, ongeza 400. Ya tatu: askari wamesimamisha boda, tuma 1,000 aachiliwe. Kila ukitaka kukataa, unaona utapoteza mzigo pamoja na zile pesa ulizotuma. Salio likiisha na ukakubali Fuliza ikujazie, sasa umelipia mzigo ambao haupo kwa pesa ya deni.

## Wamejuaje kwamba nina mzigo?

Njia ni tatu, na mbili kati yake unaweza kuzipunguza.

Ya kwanza ni mzigo wenyewe. Jina lako na namba yako vimeandikwa juu ya katoni kwa kalamu nene, na kila anayepita karibu anaweza kuvisoma.

Ya pili ni mtandaoni. Muuzaji anaweka picha za viatu Facebook, na chini yake watu wanaandika, "Nataka saizi 40, niko Chuka," halafu wanaacha namba ya simu hapohapo. Tapeli anasoma kama wewe tu. Namba yako itume kwa muuzaji faraghani.

Ya tatu ni kubahatisha. Tapeli hajui lolote, anapigia watu wengi akijua hatakosa mmoja anayesubiri kitu. Halafu wewe mwenyewe unamjazia: "Aah, ni zile nguo za Gikomba?" Naye anajibu, "Ndiyo, hizo hizo." Usimpe majibu. Muulize: mzigo umetumwa na nani, na namba ya risiti ni gani?

## Sura nyingine za utapeli huu

Meseji yenye linki. Mwaka wa 2024 Wakenya wengi walipata meseji zikidai kwamba kifurushi chao kimefika ghalani lakini anwani haijakamilika, kwa hivyo wabonyeze linki na kuthibitisha. Zilitumia jina la Posta, na Shirika la Posta lilitoa onyo kwamba ni za uongo. Linki ya namna hiyo inakupeleka kwenye ukurasa unaofanana na wa kweli, ambapo unaombwa ada ndogo na maelezo ya kadi yako au PIN. Wanachotaka si ile ada ndogo, ni hayo maelezo.

Zawadi kutoka ng'ambo. Rafiki wa mtandaoni, ambaye hamjawahi kuonana, anasema amekutumia simu na vito vya dhahabu. Siku chache baadaye "ofisa wa forodha" anakupigia kutoka JKIA akidai ushuru. Ushuru wa serikali hautumwi kwa laini ya mtu. KRA hutoa namba maalum ya malipo, nawe unalipa kwa Paybill ya serikali, 222222. Ukipewa namba ya simu ya mtu yeyote, hata akiwa na kitambulisho kwenye WhatsApp, huo ni wizi.

Mtoto wako ametuma mzigo. Hii inalenga wazazi. Mama yuko Siakago au Timau, anaambiwa kijana wake aliye Nairobi amemtumia mzigo na kinachobaki ni kulipia usafiri. Kwa mapenzi ya mtoto, anatuma bila kuuliza. Mwambie mzazi wako leo: "Nikikutumia kitu, nitakupigia mimi mwenyewe kwanza, na nitakuwa nimeshalipia."

## Kabla hujatuma chochote

1. Kata simu. Si utovu wa adabu. Mwambie, "Sawa, nakuja steji," halafu ukate. Mfanyakazi wa kweli hana shida na hilo, kwa sababu mzigo utakaa palepale. Tapeli ndiye ataanza kukupigia mara tano mfululizo.

2. Mpigie aliyekutumia mzigo. Tumia namba uliyokuwa nayo kabla ya simu hii kuingia. Muulize: umetuma leo? Kwa sacco gani? Nipigie picha ya risiti.

3. Ipigie ofisi ya sacco kwa namba iliyo kwenye risiti. Usitumie namba aliyokupa yule aliyekupigia. Hatua hii ndiyo muhimu zaidi: wewe ndiye uwapigie, si wao wakupigie.

4. Ukihitaji boda, mtafute wewe. Mtume mtu unayemjua pale unapoishi, umpe nakala ya risiti, umlipe akikukabidhi. Wanafunzi wa Nchiru au Chuo Kikuu cha Embu wanaweza kuchanga mmoja akaenda mjini kuchukulia wote.

5. Soma jina kabla ya kumaliza. Unapolipa, jina la mpokeaji hutokea kwenye skrini. Umeambiwa ni ofisi ya sacco na umeona jina la mtu? Simamisha. Lakini usitegemee jina peke yake, kwa sababu hata laini ya tapeli ina jina, na huenda si lake.

6. PIN ni ya kutoa pesa, si ya kupokea. Hakuna mzigo, refandi wala zawadi inayohitaji PIN yako ili ikufikie. Ukiombwa PIN ili upokee kitu, jua ni wewe unayetoa.

## Kama wewe ndiye unayeuza

Matapeli huja pia upande wa pili. Unauza mitumba Gakoromone au unatuma parachichi Nairobi, mteja anasema ameshalipa na meseji imeingia, anataka mzigo upande matatu ya saa nane. Angalia vizuri. Meseji halisi ya M-PESA huingia kwa jina MPESA, pale pale zilipo meseji zako za zamani, haitoki kwa namba ya kawaida. Hata ikionekana sawa, angalia salio kwanza. Salio halijaongezeka? Mzigo usipande.

Na ukishatuma mzigo wa kweli, mpe mteja wako picha ya risiti, jina la sacco na namba ya ofisi, halafu umwandikie: "Nauli imeshalipwa. Ukiulizwa pesa, nipigie." Sentensi hiyo moja inamwokoa mteja, na inaokoa jina la biashara yako.

## Umeshatuma? Fanya hivi sasa hivi

Dakika za kwanza ndizo za maana. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyepokea, kuna nafasi ya kuzizuia. Zikishatolewa kwa ajenti, kuzipata ni kazi ngumu.

- Usitume tena, hata ukiahidiwa kurudishiwa zote.
- Kwa M-PESA, tuma ile meseji ya muamala kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, halafu upige simu kwa huduma kwa wateja ueleze umetapeliwa. Kwa mtandao mwingine, piga huduma kwa wateja ya mtandao huo mara moja.
- Meseji ya utapeli itume kwa 333 ukiwa Safaricom. Ni bure.
- Kama uliweka PIN kwenye linki, ibadilishe papo hapo. Kama uliweka namba ya kadi, piga benki yako waifunge.
- Usifute kitu. Hifadhi meseji, namba na saa uliyopigiwa, kisha uripoti kituo cha polisi upewe namba ya OB. DCI pia wana laini ya bure, 0800 722 203.

Kutuma meseji za udanganyifu kama zile za linki ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018: faini ya hadi shilingi 300,000, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili.

Wengi hawaripoti kwa sababu "ni 250 tu", ama wanaona aibu. Tapeli anategemea hilo. Mia mbili hamsini za watu ishirini ni elfu tano, na kama hakuna hata mmoja aliyesema, laini yake inaendelea kupiga kesho. Ukiripoti, unamsaidia jirani yako ambaye bado hajapigiwa.

Basi mtumie makala hii yule mtu wa kwenu anayeagiza vitu kila wiki, na mzazi aliye nyumbani. Simu ikiingia, jibu ni moja: "Sawa, nakuja steji. Nikiuona mzigo, nitalipa."