West Virginia: mine ilibakia na bazee

Sisi watu wa mine tumezoea kuhesabu tani; leo tuhesabu watu. Kule Marekani, jimbo la West Virginia lilikuwa na wakaaji zaidi ya milioni 2 mwaka 1950. Mwaka 2020 walibaki 1 793 716. Mashini ziliingia mu mashimo ya makaa ya mawe, kazi ikapunguka, vijana wakaenda fasi ingine. Sasa karibu mtu mmoja kwa 5 amepita miaka 65, na wanaokufa wanazidi wanaozaliwa. Shule zinafungwa. Wenye kuandika watu wengi kazi ni mahospitali. Mu nyumba mingi, feza ya kila mwezi ni pansio ya mzee. Huku kwetu batoto iko bengi. Shimo ikiisha, batabakia?