Laini Inayokutaja Jina

Ukifungua akaunti ya TikTok ukiwa Kiambere, mara nyingi unaombwa namba ya simu. Unaiandika, unaletewa tarakimu za kuthibitisha, kisha unajipachika jina la kubuni. Mtu wa Nairobi hatakujua. Jirani atakujua. Namba hiyo anayo mwenye duka, anayo mweka hazina wa chama, anayo mwalimu wa wanao. Mmoja wao akiiruhusu programu isome namba zilizo kwenye simu yake, huenda akaletewa akaunti yako kama ya mtu anayemfahamu. Na asiyekujua kabisa, akiipata namba, hujifanya anakutumia pesa kwa M-Pesa, akasoma jina lako, akasitisha. Laini zote Kenya husajiliwa kwa kitambulisho.

Hili si jambo dogo huku Mbeere. Wanaoishi kando ya bwawa la Kiambere, lililoanza kufua umeme mwaka 1988, wana mengi ya kusema kuhusu ardhi, makaa na fedha za umma, na anayelalamikiwa mara nyingi ni mtu wanayekutana naye sokoni. Desemba 2024, kijana mmoja alinyakuliwa mjini Embu akiwa kwa kinyozi, baada ya picha ya kumkejeli Rais kusambaa mtandaoni. Alirudi kwao Januari. Polisi walikana kuhusika. Tangu hapo simwiti mwoga yeyote anayeficha jina lake, wala msichana anayetaka kuuliza kuhusu ugonjwa wake bila kijiji kizima kujua.

Kwa hiyo anza na barua pepe mpya, isiyobeba jina lako, na uitumie badala ya namba kila programu inapokubali. Ikiomba kusoma namba ulizohifadhi, ikatalie. Zima pia mpangilio unaopendekeza akaunti yako kwa wengine. Usirudie jina wala picha uliyowahi kutumia Facebook. Signal bado hudai namba wakati wa kujisajili, lakini tangu 2024 unaweza kuwaficha wengine namba hiyo na kutumia jina la mtumiaji. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine usiiguse: mashaka yatamwangukia yeye.

Hayo yatakukinga na jirani na mwenye chuki. Kampuni ya simu bado inajua laini ni ya nani na mnara upi unaihudumia. Hapo kinga iliyobaki ni kifungu cha 31 cha Katiba, kinacholinda faragha ya mawasiliano, na hakimu anayekataa kutoa amri pasipo sababu.