Kumlinda Mtoto Kwenye Simu: Kazi ya Kujitolea Ambayo Kikundi Chenu Kinaiweza



Kikundi kikisema kinataka kusaidia shirika la watoto, kwa kawaida tunafikiria debe la mahindi, blanketi, ama mchango wa karo. Hayo yote ni mema, na tuendelee nayo. Lakini kuna msaada mwingine ambao hautoki mfukoni. Mashirika ya watoto yanahitaji watu huku vijijini wanaojua la kufanya mtoto akipatwa na shida kwenye intaneti. Kazi hii haina mshahara. Ina masharti, na asiyeyajua anaweza kumuumiza mtoto huku akidhani anamsaidia. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo.

KOSA LANGU

Mwaka 2019 mama mmoja alinijia baada ya mkutano wa kikundi, analia. Binti yake wa kidato cha pili alikuwa amejuana na "kijana" kwenye Facebook. Baada ya wiki chache za maneno matamu, huyo kijana aliomba picha ya uchi, na binti akatuma. Kesho yake maneno yakageuka: tuma pesa, la sivyo picha itafika kwa walimu wako.

Nikamwambia mama, "Nitumie hiyo picha nione ni jambo gani." Akanitumia. Akamtumia na mwenyekiti wetu. Mwenyekiti naye akataka ushauri, akamtumia mwingine. Kufika jioni picha ilikuwa kwenye simu saba, na zote ni za watu waliotaka kusaidia. Yule mhalifu alikuwa ametisha tu. Waliosambaza ni sisi. Binti aliposikia, alikataa kwenda shule muhula mzima.

SHERIA INASEMAJE

Kenya ina sheria ya mwaka 2018 inayohusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao. Kifungu cha 24 kinakataza kutengeneza, kusambaza, ama hata kuweka kwenye simu picha za ngono za mtoto. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Adhabu ni faini hadi shilingi milioni 20, ama kifungo hadi miaka 25, ama vyote viwili. Kwa hivyo usiseme, "Mimi nilikuwa nahifadhi tu kama ushahidi." Hiyo si kazi yetu, ni kazi ya polisi.

NANI WA KUPIGIWA

Nambari ya kukumbuka ni 116. Ni simu ya watoto inayoendeshwa na shirika la Childline Kenya pamoja na idara ya serikali inayoshughulikia watoto. Ni ya bure, usiku na mchana. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na mtu mzima pia. Upande wa polisi, DCI ina kitengo maalum cha kulinda watoto. Kama uko mbali, anzia kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo ama kituo cha polisi kilicho karibu.

Mwaka 2021 ilitolewa ripoti ya utafiti uliofanywa hapa Kenya na ECPAT, INTERPOL na UNICEF juu ya jambo hili. Mojawapo ya mambo iliyoonyesha ni kwamba watoto wengi hawaripoti kwa polisi wala kwa simu ya msaada. Wakisema, humwambia rafiki ama ndugu, na wengi hunyamaza kabisa. Tena mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto anamjua tayari. Hapo ndipo kikundi kinaposaidia. Shirika lina washauri Nairobi, lakini halina mtu pale kisimani wala pale sokoni. Sisi tuko.

KAZI TATU ZA KIKUNDI

1. Kueneza nambari. Iandikeni ukutani pale mnapokutana, shuleni, kwenye duka la kuchaji simu. Itajwe kwenye jumuiya ndogo ndogo na kwenye merigoraundi.

2. Siku ya simu. Vijana wa kikundi wanaojua mambo haya wakae na watoto na wazazi wao baada ya Misa. Wawaonyeshe jinsi ya kufunga akaunti ili mgeni asiione, kuficha mahali mtoto alipo, na kumzuia mtu msumbufu. Mtoto ashike simu yake mwenyewe, na mzazi awe kando.

3. Kusikiliza na kusindikiza. Mtoto akija na shida, fuateni hatua hizi:
– Mwambieni kwanza kwamba kosa ni la yule mtu mzima. Asigombezwe.
– Msiombe kuona picha. Maneno ya mtoto yanatosha.
– Asilipe pesa. Akilipa mara moja ataombwa tena.
– Asijibu tena, lakini asifute mazungumzo wala akaunti. Andikeni kwenye daftari jina linalotumiwa na huyo mtu, nambari ya simu, tarehe na saa, na kama pesa ilitumwa, ile nambari ya M-Pesa. Daftari likae kwa mtu mmoja, chini ya kufuli.
– Pigeni 116 siku hiyo hiyo, mtoto akiwepo kama anakubali.

Kuna pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa mwaka 2023 na shirika la watoto la NCMEC la Marekani. Mtoto anaitumia kwenye simu yake. Picha haitoki kwenye simu. Kinachotumwa ni alama ya tarakimu tu, na mitandao iliyojiunga, kama Facebook, Instagram na TikTok, huitumia alama hiyo kuitafuta picha na kuiondoa. Kwa ujumbe wa WhatsApp haisaidii, kwa maana ujumbe huo umefungwa.

MIPAKA

Wanaojitolea wachaguliwe na kikundi, wapate cheti cha tabia njema, na wasikae na mtoto faraghani, mmoja kwa mmoja. Msimtegee mhalifu mtego. Msijifanye mtoto ili kumkamata. Msitafute picha mbaya mtandaoni "kuona kama zipo". Jina la mtoto lisitajwe kwenye mkutano wala kwenye maombi ya hadhara.

Yule binti alirudi shule mwaka uliofuata. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake. Aliniambia yule mtu wa Facebook hakumuumiza sana kama kujua kwamba watu wa kanisani walimwona. Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Watoto wetu wanatumia simu ya nani, na saa ngapi?
2. Mtoto wa hapa akitishwa leo, angemwambia nani? Kwa nini si sisi?
3. Ni watu gani wawili tunaowaamini kwa kazi hii?
4. Je, kuna picha ama video kwenye simu zetu ambayo hatungepaswa kuipokea wala kuituma?