Mifuko 20 Iliyopungua: Somo la ERP Nje ya Kompyuta

Duka la jumla la vifaa vya ujenzi limeagiza mifuko 500 ya saruji, kila mfuko Sh 15,000. Lori linafika, mtunza stoo anahesabu, anapata 480. Baada ya siku chache ankara ya muuzaji inaingia ofisini: mifuko 500, Sh 7,500,000. Katika ofisi yenye madaftari matatu, la manunuzi, la stoo na la uhasibu, fedha hizo zinaweza kutoka zote bila mtu yeyote kuiba wala kudanganya. Mhasibu ameiona LPO, yaani hati ya kuagiza, ameiona ankara, namba zimelingana, analipa. Anayejua habari ya mifuko 20 ni mtunza stoo, na daftari lake liko chumba kingine.

Mfano huu nimeutunga mwenyewe, kwa ajili ya ndugu wanaoniuliza ninasomea nini chuoni. Jibu fupi, kwamba nasomea mifumo ya ERP, huishia kwenye ombi la kutengenezewa printa. Saruji inaeleweka upesi zaidi. ERP ni mfumo unaoweka manunuzi, stoo, mauzo, uzalishaji, mishahara na hesabu za taasisi katika kanzidata moja, ili jambo liandikwe mara moja na kila anayehusika alione palepale lilipo.

Turudi stoo. Ndani ya mfumo wa namna hii, mtunza stoo anapoandika kuwa amepokea mifuko 480, anafanya kazi ya uhasibu hata kama hajawahi kusomea debiti na krediti. Thamani ya bidhaa zilizopo inapanda kwa Sh 7,200,000 papo hapo. Kiasi hichohicho kinaandikwa upande wa pili, kwenye akaunti ya kati ambayo maana yake ni kwamba mzigo umefika, ankara bado. Ankara ya Sh 7,500,000 inapoingizwa (VAT tuiache pembeni, ina vurugu zake), deni la muuzaji linaandikwa lote, akaunti ya kati inaandikwa debiti ya kiasi hicho, na ndani yake inabaki tofauti ya Sh 300,000. Mfumo unaziweka pamoja LPO, hati ya kupokea mzigo na ankara, unaona hazipatani, na unaizuia ankara isilipwe. Hapo lazima mtu mwenye mamlaka aamue: muuzaji alete mifuko iliyobaki, au atoe hati ya kupunguza deni.

Hiyo Sh 300,000 iliyokwama ndiyo iliyonifanya nilipende somo hili. Akaunti ya kati haina faida wala hasara, wala haimvutii mkurugenzi anayetazama mauzo. Lakini kila mwezi unapofungwa, mtu anapaswa kuifungua na kuhoji kila kiasi kilichobaki humo kwa nini bado kipo. Ofisi isiyofanya hivyo hujikuta baada ya muda na mamilioni ambayo hakuna anayejua kama ni deni, ni mzigo ulio njiani, au ni makosa ya mtu aliyekwisha kuacha kazi.

Wazo lenyewe la ERP halikuzaliwa katika uhasibu, lilitoka kiwandani. Mwaka 1975 Joseph Orlicky, mhandisi aliyefanya kazi IBM, alitoa kitabu kuhusu kupanga mahitaji ya malighafi, na ndani yake kuna tofauti moja ambayo ukishaielewa huwezi kuisahau. Idadi ya baiskeli ambazo wateja watanunua mwezi ujao ni ya kukisia. Idadi ya magurudumu si ya kukisia, ni ya kukokotoa. Ukiamua kuunda baiskeli 100 unahitaji magurudumu 200, na kila gurudumu likiwa na spoki 36, unahitaji spoki 7,200. (Spoki za kuuza kama spea ni habari nyingine.) Kabla ya hapo viwanda vingi vilisubiri spoki zipungue ndipo viagize nyingine, kana kwamba spoki nazo zina wateja wao. Kompyuta iliwezesha kuanza na baiskeli iliyokamilika, kushuka hadi kwenye skrubu ya mwisho, kisha kurudi nyuma kwa tarehe ili kujua kila kipande kiagizwe lini.

Baadaye hesabu hiyo iliongezewa fedha, mashine na saa za wafanyakazi, na mwaka 1990 kampuni ya utafiti ya Gartner ikaubandika mkusanyiko huo jina la ERP. Lakini jina lilikuja wakati kazi imeshafanyika. Mwaka 1972 wahandisi watano walioacha kazi IBM nchini Ujerumani walianzisha kampuni ya SAP. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha nailoni cha ICI huko Östringen, na kwa kuwa hawakuwa na kompyuta yao, waliandika programu kwenye kompyuta ya mteja. Herufi R katika majina ya mifumo yao ya mwanzo, R/1, R/2 na R/3, ilisimamia "real-time", yaani kazi ya papo kwa papo. Leo hilo halimshangazi mtu. Wakati ule ilikuwa kawaida kutoboa kadi, kuzikusanya, kuzipeleka kwenye mashine usiku na kupata jibu siku inayofuata. Mtunza stoo angeandika 480, na mhasibu angeijua kesho yake, pengine baada ya kulipa.

Vyuo vingi vinavyofundisha kwa programu ya SAP hutumia kampuni ya kubuni iitwayo Global Bike, inayouza baiskeli Marekani na Ujerumani. Mwanafunzi huandika ME21N kuagiza, MIGO kupokea mzigo, MIRO kuingiza ankara. Nina lawama kidogo hapa. Mwongozo wa mazoezi hukupa kila tarakimu ya kujaza, na ukifuata hatua zote utafika mwisho bila kujua kwa nini ulipita huko. Katika mazoezi tuliyopewa, lori la Global Bike halikuwahi kuleta pungufu. Mtu anaweza kufaulu vizuri kabisa bila kukutana na akaunti ya kati ikiwa na uchafu ndani yake.

Mchezo wa ERPsim, uliobuniwa katika chuo cha HEC Montréal, ni mwalimu mkali zaidi. Toleo moja huzipa timu kampuni zinazotengeneza mueseli, ile nafaka ya kifungua kinywa, na kuiuza Ujerumani. Siku ya biashara hupita upesi, soko halimsubiri mtu, na timu zote zinagombania wateja walewale. Kinachoangusha timu mara nyingi ni kwamba anayepanga bei ameshusha bei bila kumwambia anayepanga uzalishaji, bidhaa zinaisha ghalani, na taarifa ya stoo ambayo ingewaonya ipo kwenye skrini ileile, hakuna aliyeifungua. Mfumo umewaunganisha, wao hawajaungana.

Kwa maoni yangu, sehemu nzito ya ERP ni ile inayofundishwa haraka kuliko zote: taarifa za msingi. Hizi ni orodha za bidhaa, wauzaji, wateja, vipimo na bei, ambazo kila muamala unazitegemea. Kwa saruji yetu, mtu mmoja siku moja aliandika kwenye mfumo kuwa tani moja ni mifuko 20, kwa sababu mfuko una kilo 50. Mnunuzi anaweza kuagiza tani 25, stoo ikapokea mifuko 500, na mfumo ukajua ni kitu kilekile. Kama mtu huyo angeandika 25 badala ya 20, kosa lingeingia kwenye oda, stoo, gharama na faida kwa wakati mmoja, na lingeonekana nadhifu kabisa. Hapo hapo kuna ugonjwa mwingine ambao yeyote aliyefanya kazi dukani ataukumbuka: "Saruji 50kg", "Simenti mfuko" na "SARUJI (50)" ni bidhaa tatu kwa kompyuta. Moja inaonyesha imeisha na inaagizwa upya, huku nyingine ikionyesha mifuko 300 ambayo hakuna anayeitafuta kwa jina hilo.

Yaliyoikuta Target nchini Kanada yanaonyesha uzito wa jambo hili. Kampuni hiyo ya Marekani ilifungua maduka ya kwanza Kanada mwaka 2013, na Januari 2015 ikatangaza kuondoka, ikiwa na maduka 133. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwemo bei zilizowakatisha tamaa wateja. Lakini uchunguzi wa jarida la Canadian Business uliotoka mwaka 2016 ulionyesha jinsi taarifa za makumi ya maelfu ya bidhaa zilivyoingizwa kwa pupa kwenye mfumo mpya wa SAP: vipimo vya inchi mahali pa sentimita, urefu ukiwa mahali pa upana, sehemu nyingine zikiwa tupu. Jarida lilieleza kuwa usahihi wa taarifa hizo ulikuwa karibu asilimia 30, wakati nchini Marekani ulikuwa asilimia 98 hadi 99. Mfumo unaotumia vipimo hivyo kukokotoa boksi ngapi zinaenea kwenye rafu hauna njia ya kujua kuwa umedanganywa. Maghala yakafurika, rafu madukani zikabaki wazi.

Swali linalozua ubishi mkubwa darasani ni nani abadilike, kampuni au programu. Mfano unaotajwa siku hizi ni Lidl, mnyororo wa maduka wa Ujerumani, ulioanza mradi wa SAP mwaka 2011 na kuuacha mwaka 2018. Vyombo vya habari vya huko vilikadiria gharama kuwa kama euro milioni 500. Chanzo kimoja kilichotajwa sana kinaonekana kidogo: Lidl ilizoea kuthamini bidhaa zilizo ghalani kwa bei ya kununulia, wakati mfumo wa kawaida wa rejareja ulijengwa kwa bei ya kuuzia. Badala ya kubadili desturi hiyo, programu ikafanyiwa marekebisho, na marekebisho yakazaa mengine.

Wahadhiri wengi huimaliza habari hii kwa agizo: fuata mfumo ulivyokuja. Mimi sikubali moja kwa moja. Serikali ya Tanzania, iliyotumia mfumo wa kununua wa Epicor kwa miaka mingi, ilihamia MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini uliojengwa na wataalamu wa ndani. Serikali ina bajeti inayopitishwa na Bunge, ina mafungu, vifungu na maofisa masuhuli. Taratibu zake zimo kwenye sheria, na haiwezi kuzibadili ili imridhishe mtengeneza programu. Duka la saruji ni jambo tofauti. Halina sababu ya msingi ya kupokea mzigo kwa namna ya peke yake, na mara nyingi kinachoitwa "utaratibu wetu" ni mazoea ya mtu mmoja. Kwa hiyo mimi ningeuliza kwanza kama desturi hiyo inatokana na sheria, au inaipa kampuni faida sokoni. Ikikosa vyote viwili, iachwe.

Kuna ulinzi mmoja ambao mifumo hii husifiwa kwao kuliko mwingine: kugawanya majukumu. Anayesajili muuzaji mpya asiwe ndiye anayeidhinisha malipo yake. Anayeagiza asiwe ndiye anayepokea. Mfumo unasimamia hilo kwa jina la mtumiaji na neno la siri, na ni hapo unapoishia uwezo wake. Katika sakata la Shirika la Huduma kwa Vijana, NYS, nchini Kenya mwaka 2015, lililohusu shilingi milioni 791 za nchi hiyo, mojawapo ya maelezo yaliyotolewa hadharani ni kwamba nywila ya ofisa ilitumiwa na watu wengine kupitisha miamala ndani ya IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali. Mfumo unaona jina lililoingia. Katika ofisi ambamo mtu akienda likizo anamwachia mwenzake nywila "ili kazi isilale", ramani yote ya mamlaka iliyochorwa kwa gharama kubwa inafutika kwa karatasi ndogo iliyobandikwa chini ya kibodi.

Wafanyabiashara wadogo huniuliza kama haya yanawahusu. Gharama ya programu si kizuizi kama zamani: ERPNext, iliyotengenezwa India, na toleo la wazi la Odoo ya Ubelgiji zinaweza kuwekwa bila kulipia leseni, ingawa seva na fundi vitakugharimu. Kabla ya kumwita fundi, ningemkalisha mnunuzi, mtunza stoo na mhasibu meza moja waandike orodha ya bidhaa: kila kitu jina moja, kipimo kimoja cha kuhesabia, na jina la mtu mmoja mwenye ruhusa ya kubadili. Watabishana kuliko mwenye duka anavyotarajia, hasa kwenye misumari, ambayo mmoja huinunua kwa katoni, mwingine huitunza kwa kilo na wa tatu huandika mauzo yake kwa robo.

Katika ubishi huo kuna mtu anayepoteza kitu, na vitabu vyetu vinampita haraka: mtunza stoo wa siku nyingi anayejua kila kilipo bila kufungua daftari. Ujuzi huo ndio ulinzi wa ajira yake, na sasa anaambiwa auingize kwenye mashine ambayo kijana yeyote anaweza kuisoma. Vitabu humwita mpinzani wa mabadiliko. Mimi naona ndiye mwenye swali la maana kuliko wote pale mezani, na mradi haupaswi kuanza kabla hajajibiwa: siku mfumo ukisema kuna debe 60 za rangi, na yeye amehesabu 58, ataaminiwa nani?